Maili Arobaini za Verediana

"Mama Klementina, jirani yako ama amerukwa na akili, ama ni mchawi. Chagua mwenyewe," alisema Mwanvua, akimwaga dagaa mchangani kwa mkono uliozoea, mpaka wakaenea kama unga kwenye ungo.

Leonia alikuwa akianika upande wa pili, mtoto wake wa miezi mitano amelala mgongoni. "Jirani yupi?"

"Verediana, nani mwingine? Jua halijatoka, yeye anapanda vilima vya Kalalangabo mbio. Mbio, mama, si kutembea! Na hakuna anayemfukuza. Halafu mgongoni ana kitu amekifunga kwa kitenge kama mtoto. Mke wa fundi nyavu alimsogelea amchungulie. Unajua alikuta nini?"

"Nini?"

"Mchanga. Mfuko wa mchanga." Mwanvua akatema mate pembeni. "Mtu amezika mtoto, leo anabeba mchanga mgongoni. Wewe unadhani mchanga wa wapi huo? Mimi sisemi."

"Umeshasema, dada Mwanvua."

"Basi sijasema kwa nguvu."

Leonia alicheka, lakini mkono wake ulikwenda nyuma wenyewe, ukamgusa mtoto mguu.

Alikuwa na mwaka mmoja na nusu tu hapo Kibirizi, tangu alipoolewa na Ismaili, kuli wa bandarini Kigoma. Alipojifungua, ni Verediana aliyemchemshia maji, akamkanda tumbo, akampikia uji wa ulezi siku arobaini bila kuombwa. Lakini Leonia aliona jambo ambalo hakumwambia mtu. Katika siku zote arobaini, Verediana hakumpakata mtoto hata mara moja. Akipewa, aliweka mikono nyuma, akasema, "Mikono yangu inanuka samaki."

Pwani nzima mikono ilinuka samaki.

Kisa chake kilijulikana. Miaka mitatu nyuma alikuwa mke wa mtu kule Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi, mahali ambapo barabara haijafika mpaka leo. Huendi ila kwa maji, au kwa miguu kufuata ufuo na kupanda vilima, maili arobaini na ushei. Bintiye wa miaka minne, Margareta, alishikwa na kichomi. Zahanati ya Kagunga ilikuwa imeishiwa dawa ya sindano. Mwezi wa sita ule upepo wa kusini ulichafua ziwa siku nne, mtumbwi usingeweza kutoka. Kilichoweza kuyakata mawimbi yale ni mashua ya injini ya ushirika, nayo ilikuwa Kibirizi. Ndipo mganga wa zahanati akaandika cheti, akampa tarishi: mleteni dawa kwa mashua, upesi.

Tarishi huyo aliitwa Marselino. Aliondoka Jumanne alfajiri. Mashua ilifika Kagunga Jumatano jioni, ikakuta watu wanatoka makaburini.

Baada ya hapo mume, Gervasi, alirudi kwao Kasulu akaoa mwingine, na Verediana akahamia Kibirizi kubeba dagaa. Hata jina lilibaki nyuma. Watu waliacha kumwita Mama Margareta, wakidhani wanamhurumia.

Marselino yeye alipanda cheo. Alipewa ukatibu wa tawi la chama hapo Kibirizi, meza, kiti, na mhuri aliouweka mfukoni mwa shati hata siku ya Jumapili, maana aliupenda kuliko saa ya mkononi. Hakuwa mtu mkali. Alimwandikia Leonia karatasi ya kuzaliwa kwa mtoto bila kumzungusha, akamwombea baraka. Lakini alikuwa na hadithi moja, na hiyo hakuchoka nayo. Kila Saba Saba, vijana wakishamaliza gwaride, alisimama akaisimulia.

"Vijana wa siku hizi mnaona maili tano ni safari! Mimi nilitoka Kagunga na begi la barua, zito kama gunia, kwa ajili ya mtoto wa maskini. Sikulala. Sikula. Mchana kutwa, usiku kucha, mpaka kesho yake saa sita mchana nikafika hapa nikaanguka. Mtoto Mungu alimchukua, kazi yake haina makosa. Lakini niambieni: yuko mwanadamu wa kupunguza hapo hata saa moja?"

"Hayuko!" vijana waliitikia.

Leonia aliisikia mara moja tu, akiwa na mimba. Alimtazama Verediana aliyekuwa amesimama nyuma ya watu, tenga la dagaa kichwani. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesikiliza misa.

*

Siku tatu baada ya maneno ya Mwanvua, mwezi wa pili mwaka wa sabini na nne, Verediana aliingia uani kwa Leonia alasiri, akaketi kwenye kinu kilicholazwa. Alikuwa na kopo la majani ya chai, la bati. Ndani yake alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imelainika kama kitambaa.

"Wewe umefika darasa la saba," alisema. "Nisomee hii. Mimi nimeisoma, lakini nataka nisikie mdomoni mwa mtu mwingine."

Kumbe alikuwa akienda kisomo cha watu wazima tangu mwaka jana. Leonia akaifungua. Kilikuwa kile cheti. Mgonjwa: Margareta binti Gervasi, miaka minne. Maneno mawili matatu ya dawa. Chini: *Imetoka Kagunga Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi.* Na chini zaidi, kwa mwandiko mwingine na mhuri: *Imepokelewa Kibirizi Jumatano, saa sita mchana.*

"Mganga alinirudishia," Verediana alisema. "Niliomba. Sina picha yake. Hiyo ndiyo karatasi pekee duniani yenye jina lake. Miaka miwili nimeitunza siwezi kuisoma. Juzi juzi mwalimu wa kisomo alitufundisha saa, nikarudi nyumbani nikaitoa. Nikahesabu kwa vidole. Nikakosa vidole. Ni saa ngapi hizo, Leonia?"

"Thelathini."

"Thelathini." Alilitamka taratibu, kama anaonja chumvi. "Mimi nabeba tenga la dagaa kutoka kwenye mtumbwi mpaka kule juu mara ishirini kwa siku. Naijua miguu. Tangu siku ile nimekuwa najiuliza, mwanamume mzima, tarishi, anakwendaje maili arobaini saa thelathini bila kulala? Hata konokono angeona aibu. Na unajua nilifanya nini, mdogo wangu? Baada ya kuzika, nilimpelekea kuku. Wa madoadoa, anayetaga. Nikapiga magoti nikamwambia asante baba, ulijitahidi."

Mtoto akalia. Leonia akamtoa mgongoni, akamnyonyesha.

"Kwa hiyo ndiyo maana unakimbia," akasema mwishowe.

"Nakimbia ovyo. Siku ya kwanza nilifika Kalalangabo nikatapika. Siku ya pili magoti yalikataa. Nakimbia kama mbuzi aliyekata kamba, halafu siku tatu siwezi kuinuka. Mwanvua anasema wewe shuleni ulikuwa unakimbia mpaka mkapelekwa mkoani."

"Mwanvua anasema mengi."

"Hili ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi nipangie. Nataka siku moja nitoke Kagunga asubuhi, niingie hapa jua likiwa bado liko juu, na begi mgongoni. Na yeye awepo anione."

Leonia alikumbuka mwalimu wao wa michezo, mtu mfupi mwenye filimbi, aliyekuwa akiwagombeza watoto kwa kukimbia sana kuliko kwa kukimbia kidogo. Mwili haujengwi barabarani, alikuwa akiwaambia, unajengwa kitandani. Leo mbali, kesho karibu, keshokutwa lala. Na mlimani usishindane na mlima. Panda kwa hatua fupi, mikono magotini, kimbia ukishafika juu.

Alichukua daftari la zamani la mumewe, akachora mistari. Hapo ndipo walipokwama, maana kazi ya dagaa haifuati Jumatatu wala Jumanne. Inafuata mwezi. Usiku wa giza mitumbwi inatoka na karabai, dagaa wanaifuata taa, na asubuhi wanawake wanabeba na kuanika mpaka mgongo unaita. Mwezi ukishakuwa mpevu, dagaa hawaoni taa ya mtu. Wavuvi wanakaa nchi kavu siku nane, siku kumi, wanashona nyavu, wanacheza bao, wanagombana na wake zao. Basi Leonia akafuta siku za juma, akaandika mpango kwa mwezi. Siku za giza: kazi, na mbio fupi mara tatu, Kalalangabo na kurudi, bila mchanga. Siku za mbalamwezi: mbio ndefu mbili, kila mwezi zirefushwe, na baada ya kila moja, kulala siku mbili.

"Kulala siku mbili?" Verediana aliuliza. "Watu wataniona mvivu."

"Afadhali mvivu kuliko mchawi."

Siku ile Verediana alicheka. Leonia hakuwa amewahi kuyaona meno yake ya ndani.

*

Mambo ya kwanza yalikuwa madogo tu, lakini Leonia aliyaandika yote. Redio ya Ismaili ilitangaza saa, naye akiwa mlangoni na mtoto aliandika ametoka lini, amerudi lini. Raba alizotafutiwa na Ismaili bandarini zilimkata vidole. Wakazitoboa mbele kwa kisu. Mfuko wa mchanga ulimchuna mgongo. Wakaubana kwa kitenge cha pili, kama anavyobanwa mtoto mzito. Alijifunza kula muhogo wa kuchemsha kabla ya kuondoka, na kufunga dagaa wa chumvi kwenye upindo wa kanga. Alijifunza kunywa kwenye kila kijito kabla kiu haijamshika. Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zinamwagika na udongo mwekundu unateleza kama sabuni, alianguka, akarudi na goti limefunguka. Leonia alimwambia apumzike wiki nzima. Alipumzika siku nne.

"Mchanga wa nini lakini?" Leonia alimwuliza akimfunga goti. "Karatasi haina uzito."

"Atasema begi lilikuwa zito. Namjua. Kila mlango atakaoukimbilia, nataka aukute nimeufunga."

Mbio ndefu za mwezi wa nne zilimfikisha mbele ya Mtanga, kijiji cha ufuoni, mwendo wa saa tatu kutoka Kibirizi. Alipaswa kurudi saa nane. Alirudi saa kumi na moja, akitembea. Leonia alimwona kwa mbali, akadhani ameumia. Lakini hakuwa akichechemea.

Verediana aliketi chini, mgongo ukutani. Alikaa mpaka Leonia akamaliza kupepeta unga.

"Nilipita kuomba maji kwa bibi mmoja wa Mtanga, nikamwamkia kwa Kiha," alisema. "Mwakeye, bibi. Mwakeye, mwanangu, watoka wapi? Kibirizi. Ah, Kibirizi kwa Marselino wetu! Mimi shangazi yake. Kaa, kaa, upumzike. Akanipa na ndizi. Akaanza kumsifu. Marselino ana moyo, mwanangu. Siku ya harusi ya binti yangu alikuwa anapita alasiri na begi la serikali shingoni, ana haraka, nikamwambia huwezi kumpita shangazi yako siku kama hii, keti ule kipaja. Akaketi. Akala. Akanywa. Akaicheza ngoma mpaka soli ikaachia. Tukamlaza hapa hapa, asubuhi nikampa uji. Nikamwuliza bibi, harusi hiyo ilikuwa lini? Akasema: Jumanne, mwaka ule wa upepo mkubwa, ziwa lilipokataa mitumbwi siku nne, wageni wetu wa Ujiji wakashindwa kuja."

Leonia aliweka ungo chini.

"Alifika Mtanga alasiri," Verediana alisema. "Jua liko juu. Alikuwa amebakiza saa tatu, Leonia. Saa tatu! Mashua ingetoka usiku ule ule, asubuhi iko Kagunga na sindano. Mtoto wangu alikata roho Jumatano saa nane mchana. Alikuwa ananiuliza mashua imefika? Namwambia bado iko njiani. Saa zile huyu alikuwa ameshalala amepona pombe."

"Tumpeleke huyo bibi kwenye baraza. Aseme."

"Akane nduguye kwa ajili yangu? Akijua nilichomwuliza, kesho atasema harusi ilikuwa mwaka mwingine. Sitaki bibi." Alijipangusa vumbi la mguuni, taratibu, kama anafuta meza. "Njia ndiyo itakayosema. Njia haina shangazi."

Leonia alimpakata Klementina karibu zaidi. Usiku ule hakumhadithia Ismaili. Alifungua daftari, akaziongezea mbio za mwezi wa tano maili nne.

*

Ni Verediana mwenyewe aliyechagua siku. Leonia alikuwa amependekeza mwisho wa mwezi wa sita, hewa ikiwa ya baridi. Verediana akakataa.

"Saba Saba," alisema.

"Kwa nini?"

"Mwezi utakuwa mpevu siku tatu kabla. Hakuna mtumbwi utakaotoka. Wanaume wote wa Kibirizi watakuwa wameketi ufuoni, hawana kazi, wanasikiliza hadithi yake." Alitazama ziwa. "Nikifika siku ya giza, nani atanishuhudia? Mwanvua na kunguru?"

Jumamosi alipanda boti ya abiria kwenda Kagunga. Jumapili ile ya Saba Saba, Leonia hakuweza kula. Vijana wa shule walipiga gwaride, ngoma ya Kiha ikachezwa, mjumbe akahutubu juu ya kuhamia vijijini na kulima kwa bidii. Saa tisa, saa kumi. Wavuvi walikuwa wamekaa kwenye mitumbwi iliyopinduliwa, sindano za nyavu mikononi. Redio ya Ismaili ilikuwa miguuni pake, na Leonia akihesabu kimya: Mwamgongo sasa, hifadhi ya sokwe sasa, nyani wasimnyang'anye chakula, Mtanga sasa. Mungu wangu, apite Mtanga.

Marselino alisimama, mhuri umetuna mfukoni. "Vijana wa siku hizi..." akaanza.

Alikuwa amefika kwenye "sikulala, sikula" ndipo Mwanvua, aliyekuwa ukingoni, akapiga kelele. "Mama wee! Huyo hapo! Mchawi wetu anakuja mchana kweupe!"

Alikuja kwa hatua fupi fupi, mdomo wazi, vumbi jekundu mpaka nyusi, raba moja mkononi. Kitenge kilikuwa kimelowa jasho likakauka likaacha chumvi nyeupe. Hakumtazama mtu. Alipita katikati ya watu mpaka mbele ya Marselino, akainama kidogo.

"Shikamoo, katibu."

"Marahaba. Vipi, mama? Kuna msiba?"

"Barua yako. Kutoka kwa mwalimu wa Kagunga."

"Leo hakuna boti kutoka Kagunga."

"Nipigie mhuri kwanza, kama ilivyo desturi. Uandike na saa."

Mtu mwingine angesoma kwanza. Lakini Marselino alipewa nafasi ya kugonga mhuri mbele ya kijiji kizima, na hiyo hakuwahi kuikataa. Alipulizia mhuri pumzi ya moto, akaiangalia saa ya mkononi mwake, akaandika kwa mbwembwe: imepokelewa Jumapili, saa kumi na moja na robo jioni. Akagonga. Ndipo alipokunjua barua.

Leonia alikuwa akiutazama uso wake. Haukubadilika mara moja. Ulikauka kuanzia midomoni.

"Mdogo wangu," Verediana alisema bila kugeuka, "waisomee."

Leonia alimpa Mwanvua mtoto, akachukua karatasi mkononi mwa katibu, haikushikiliwa. Akasoma kwa sauti ile aliyokuwa akisomea ubaoni: *Mchukuzi wa barua hii ametoka Kagunga leo Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, kwa miguu, mbele yangu na mbele ya wazee wawili. Nikodemu, mwalimu.* Halafu akapokea karatasi ya pili, ile laini kama kitambaa. Akasoma na hiyo. Alipofika kwenye jina la mtoto alilisoma polepole, akaendelea mpaka saa sita mchana ya Jumatano.

Mvuvi mmoja mzee alikuwa akihesabu kwa vidole, akiwa na sindano ya nyavu mdomoni.

"Njia nzima, huyu saa kumi na moja na robo," alisema. "Na yule thelathini."

"Mwanamke!" mwingine akadakia.

"Begi langu lilikuwa zito," Marselino alisema.

Verediana alifungua kitenge. Mfuko ulianguka miguuni pa katibu, mchanga ukamwagika juu ya viatu vyake.

"Mwaka ule... mvua..."

"Mwezi wa sita, Marselino? Mvua?" mvuvi mmoja aliuliza.

"Katibu ana mvua zake mwenyewe!" mtu akatania, na wachache wakacheka, kicheko kikafa.

"Nilipita Mtanga," Verediana alisema. Hakupandisha sauti, watu wa nyuma walilazimika kusogea. "Shangazi yako anakusalimu. Anasema kipaja cha harusi kilikuwa kitamu, na soli yako iliachia. Nimekuja kukuuliza jambo moja tu. Ulipokuwa unacheza, begi uliliweka wapi? Uliliweka chini, au mwanangu ulimcheza nalo mgongoni?"

Marselino alitazama vijana waliokuwa wakimwitikia kila mwaka. Hakuna aliyemwangalia, walikuwa wanauangalia mchanga.

"Nilikuwa nimechoka," akasema. "Nilidhani... mtoto mwenyewe alikuwa mahututi. Nilidhani hata hivyo..."

"Nataka kuku wangu."

"Nini?"

"Kuku niliyekupa kwa asante. Wa madoadoa. Nirudishie."

"Rudisha kuku!" alipaza Mwanvua, yule yule wa uchawi, mtoto wa Leonia begani. Na wavuvi, ambao hawakuwa na kazi nyingine siku hiyo, wakaipokea kama wimbo wa kuvuta nyavu. Rudisha kuku! Rudisha kuku! Mpaka Rahabu, mke wa Marselino, akatoka nyumbani kwake nyuma ya ofisi na kuku mwekundu kwapani, akamweka chini mbele ya Verediana, akarudi bila kumtazama mumewe. Leonia aliona mabega yake yakitikisika.

Verediana alimtazama yule kuku akidonoa mchanga. "Wangu alikuwa wa madoadoa," alisema, akaondoka.

*

Nyumbani Leonia alimkalisha kwenye kinu, akaitia miguu yake kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na chumvi. Kucha mbili zilikuwa zimeng'oka. Aliisugua kwa kidole, pole pole, kama anavyomwogesha mtoto, na Klementina mwenyewe alikuwa amelazwa mkekani akirusha miguu. Kutoka ufuoni sauti zilikuwa bado zinakuja. Watoto walikuwa wameshatunga: Marselino, kuku yuko wapi?

"Imekwisha, Mama Margareta," Leonia alisema. Jina lilimtoka lenyewe. Mguu ndani ya maji ulitulia.

"Haijaisha."

"Umemwona uso. Ukatibu huo hauna siku nyingi. Na mkewe je? Ana watoto wanne."

"Mkewe nilimwona." Verediana aligeuza mguu ndani ya maji. "Mkewe sina neno naye. Lakini huyu ataondoka Kibirizi, ataenda Mwamgongo, au arudi kwa huyo shangazi. Baada ya mwaka atakuwa ameketi mahali, ana chupa, anawaambia vijana: mimi nilitoka Kagunga na begi zito. Watamwitikia. Kila kijiji kwenye njia ile kinaijua hadithi yake, Leonia. Ya mwanangu hakijui."

Alitoa zile karatasi mbili kifuani, mpya na kuukuu, akaziweka mkekani kando ya mtoto. Halafu akafanya jambo ambalo Leonia alikuwa amelisubiri tangu siku arobaini: akamwinua Klementina, mikono inanuka samaki, jasho na vumbi, akamlaza pajani. Mtoto akamshika kidole gumba akakitia mdomoni.

"Chukua lile daftari letu," alisema, macho kwa mtoto. "Kurasa zimebaki. Ninakilie hizi karatasi, zote mbili upande kwa upande, saa na saa. Nakala saba, moja kwa kila kijiji mpaka Kagunga. Nitalala siku mbili kama ulivyopanga, halafu nitazipeleka mwenyewe, mbio. Na juu kabisa, kabla ya jina la Marselino, uandike Margareta. Herufi kubwa, mdogo wangu, hata asiyesoma vizuri aione."